Umeme unakatika kabla ya tone la kwanza: ni nani anauzima?

Swali lililonifikia kutoka Tororo, kwa ufupi, ni hili:

"Nina duka la samaki na friji kubwa tatu. Wingu likianza kujikusanya upande wa mlima, umeme unaondoka hata kabla mvua haijadondoka. Ng'ambo ya barabara taa zinawaka. Kwangu unarudi, unaondoka, unarudi tena, unaondoka. Mwezi uliopita friji mbili ziliungua usiku mmoja na samaki wote wakaharibika. Usiku huo balbu ya dukani iliwaka kwa mwanga mkali sana, kisha ikapasuka. Watu hapa wanasema kuna mtu ofisini anazima swichi akiona wingu. Ni kweli? Nami nifanye nini, maana mtaji wangu wote uko kwenye hizo friji?"

Mama, pole sana. Friji mbili na samaki ndani yake ni ada za watoto, ni kodi ya duka, ni miezi ya kudunduliza. Nimefanya kazi ya laini za umeme kwa zaidi ya miaka ishirini, mingi ikiwa huku mashariki mwa Uganda, na swali lako nimeulizwa sokoni, kwenye teksi na hata msibani. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Hakuna mtu anayekaa akitazama wingu ili azime swichi. Mtu huzima kwa mkono pale anapopigiwa simu kwamba waya umeanguka au nyumba inaungua, na hapo anafanya vizuri. Kinachozima wingu likija, mara nyingi, ni mashine, tena kwa sehemu ndogo ya sekunde. Na friji zako, kwa namna ulivyoeleza, sidhani ziliuawa na radi. Ile balbu iliyong'aa ikapasuka inaniambia jambo jingine, baya zaidi, nami nitalifikia.

Kwanza tutenganishe maneno. Kiswahili kinaita umeme kile cha angani na kile cha kwenye waya, na waliotuachia lugha hawakukosea, kwa kuwa ni kitu kimoja. Lakini ili tusichanganyikiwe, cha angani nitakiita radi.

Unaishi mahali ambapo mbingu haitulii. Kwa miongo mingi Tororo imetajwa miongoni mwa sehemu zinazosikia ngurumo siku nyingi zaidi duniani, zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na Kampala haiko mbali nayo. Sababu ni majirani zako wawili, ziwa na mlima. Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 69,000 za maji yaliyolala chini ya jua la ikweta, nayo hutoa mvuke mchana na usiku. Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321, umesimama kaskazini-mashariki mwenu kama ukuta.

Asubuhi nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya mashamba inapanda, na ile ya ziwani, yenye ubaridi na unyevu, inaingia kuchukua nafasi yake. Ndio upepo unaoanza kupuliza kuelekea mchana. Huku bara unakutana na upepo unaotoka mashariki, upande wa Kenya, au unagonga miteremko ya Elgon, na hewa iliyobanwa hivyo haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, na mvuke wake unageuka matone. Hapo ndipo siri ilipo: mvuke ukigeuka maji unatoa joto, lile lile ambalo jua lilitumia kuyainua maji kutoka ziwani. Joto hilo linaisukuma hewa ipande zaidi, hewa ikipanda inamwaga mvuke zaidi, na wingu linaanza kujilisha lenyewe. Wingu jeupe uliloliona saa saba mchana likiwa kama pamba laweza kuwa limefika kilomita kumi na tano kwenda juu kabla ya saa kumi.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unatoka kila upande kuelekea majini, na dhoruba zinazaliwa juu ya ziwa. Ndiyo maana watu wa Kalangala na Entebbe huamshwa na ngurumo alfajiri, wakati ninyi wa Tororo mnapigwa alasiri na jioni, saa zile zile wateja wanapokuja kununua samaki wa mboga.

Ndani ya wingu hilo kuna baridi ambayo wengi hawaidhanii. Ukipita kilomita tano hivi kwenda juu, hata hapa ikweta, maji huganda. Huko chembe nyepesi za barafu zinagongana na punje nzito za mvua ya mawe, na kila mgongano unahamisha chaji kidogo. Nyepesi zinapeperushwa juu na chaji chanya, nzito zinabaki chini na chaji hasi. Tofauti ikizidi uwezo wa hewa kuizuia, hewa inapasuka na radi inapita. Njia yake inapata joto la nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, kama mara tano ya uso wa jua, na ngurumo ni sauti ya hewa hiyo ikitanuka kwa ghafla.

Sasa, kwa nini kabla ya tone la kwanza?

Mvua na mawe vikizidi uzito vinaanza kuanguka, navyo vinaiburuta hewa kwenda chini. Sehemu ya matone inakauka njiani, na kukauka huko kunaipoza hewa, kama jasho linavyoupoza mwili. Hewa iliyopoa ni nzito, kwa hiyo inaporomoka hadi ardhini, inagonga na kusambaa pande zote kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Huo ndio upepo wa ghafla, wa baridi, wenye harufu ya vumbi lililolowa, unaowafanya wachuuzi waanze kufunika bidhaa wakati jua bado linawaka. Unaweza kulitangulia wingu kwa dakika kumi na zaidi, na kwa kilomita nyingi.

Na laini inayokulisha wewe haianzi dukani kwako. Inatoka sabstesheni, yaani kituo cha kupozea na kugawa umeme, ikiwa na volti 11,000 au 33,000, inapita mabondeni na vijijini kwa kilomita nyingi, juu ya nguzo za mbao, kando ya miembe, mifenesi na mashamba ya mikaratusi, ndipo inashuka kwenye transfoma ya mtaa wenu. Wewe umesimama juani Tororo mjini, kumbe kijijini huko mbali tawi la mwembe limeshalala juu ya waya. Ukikatwa umeme mbingu ikiwa kavu juu ya kichwa chako, mara nyingi maana yake upepo au mvua imeshafika sehemu nyingine ya laini yako. Mtu wa ofisini hahitajiki hapo.

Upepo huvunja kwa njia nyingi. Nyaya mbili zilizolegea zinapepea na kugusana, cheche kubwa inaruka, mashine inakata. Bati la kibanda linang'oka na kutua juu ya laini. Mkaratusi unaanguka. Nguzo yenyewe inavunjika, na inapovunjika niite niitazame, nami mara nyingi nitakuambia ilikuwa imekufa zamani: mbao haziozi sana juu wala chini kabisa, huoza pale zinapoingia ardhini, kwenye unyevu na hewa pamoja, ambapo na mchwa wanapenda. Dawa ya nguzo ikiwa haba, ndani ya miaka michache unabaki na nguzo iliyonyooka inayosubiri upepo wa kwanza wa Machi.

Niseme jambo ambalo linaniuma. Nguzo nyingi za kona zina waya wa chuma unaozivuta zisilale, na watu wanaukata waya huo kufungia mbuzi au kuuza kama chuma chakavu. Wengine wanaiba waya wa shaba unaoshuka kutoka kwenye transfoma kwenda ardhini. Waya huo ndio njia pekee ya radi kwenda chini bila kupita kwenye transfoma. Ukiibwa, vile vizuia radi vilivyofungwa juu vinakuwa mapambo. Transfoma inaungua mvua ya kwanza, na mtaa mzima unakaa gizani wiki kadhaa kwa ajili ya shaba ya pesa kidogo. Mkiwa na kamati ya mtaa, ulinzi wa waya huo uwe ajenda. Na kijana wa kampuni akija kupogoa mwembe wako unaogusa laini, mwache apogoe. Najua mwembe ni kivuli na ni chakula. Lakini nimepanda juu ya nguzo nyingi usiku wa mvua kwa sababu ya tawi ambalo mwenye nyumba alikataa lisikatwe.

Radi nayo ina namna yake. Radi ya wastani hubeba kama ampea 30,000. Ikipiga waya, mkondo unagawanyika, nusu huku nusu kule, na kwa jinsi waya ulivyo, kila nusu inaweza kupandisha volti hadi kufikia milioni sita. Vile vikombe vya kauri vinavyoushikilia waya juu ya nguzo ya volti 11,000 vimetengenezwa kuhimili pigo la ghafla la chini ya volti laki moja. Hakuna mashindano hapo. Minara mikubwa ya chuma ya volti 132,000, kama ile inayotoka Jinja kupita kwenu Tororo hadi Kenya, ina waya wa ziada kileleni kabisa unaozipokea radi na kuzishusha ardhini kupitia mnara. Laini za mbao za mitaani kwa kawaida hazina waya huo. Tena radi haihitaji kuugusa waya. Ikipiga mti ulio karibu, inatosha kusukuma volti za kutisha ndani ya laini.

Ndiyo maana siku hizi watu wakiniambia, "Si tuna Karuma? Umeme si umejaa?", huwa nawajibu taratibu. Bwawa la umeme la Karuma limeongeza megawati 600 tangu lilipozinduliwa mwaka 2024, na ni jambo la kujivunia. Hali ya hewa ikishinda mitambo yenyewe ni nadra. Aprili 2020 ilitokea, kisiwa cha mimea inayoelea kilipoziba bwawa la Jinja na nchi nzima ikaingia gizani. Lakini giza lako wewe linatokea kwenye kilomita za mwisho, kwenye nguzo na vikombe na matawi, na hata tungejenga Karuma tatu, tawi lingeendelea kuanguka. Kama ningepewa pesa niamue, ningezipeleka nyingi huko mwishoni: nguzo imara, nyaya zilizovikwa plastiki mitaani, na watu wa kukagua laini kabla ya mvua za Machi na za Septemba.

Sasa ile mashine. Radi ikipiga, au tawi likigusa, umeme unaruka kutoka kwenye waya kupita hewani, na cheche hiyo haizimiki yenyewe kwa sababu umeme wa laini unaendelea kuilisha. Dawa ni kuikatia chakula kidogo, ipoe, kisha kuwasha tena. Uzoefu wa miaka mingi wa wahandisi ni kwamba hitilafu nyingi za laini za juu ni za kupita: tawi limegusa na kuanguka, cheche imezimika, hakuna kilichovunjika. Kwa hiyo kwenye laini kuna swichi inayojizima na kujiwasha tena yenyewe. Inakata, inasubiri, inajaribu. Ikikuta tatizo bado lipo inakata tena, inasubiri, inajaribu. Baada ya majaribio mawili au matatu inakata tamaa na kubaki imezima mpaka fundi aje.

Wewe mwenyewe unaweza kuisoma, mama. Ukizimika mara moja na kurudi ukatulia, laini imejiponya. Ukizimika, ukarudi sekunde chache, ukazimika, ukarudi, kisha kimya kirefu, ujue kuna kitu kimelala juu ya waya au waya uko chini, na mtu lazima aende kwa miguu kukitafuta, mara nyingi usiku, kwenye matope, kilomita kwa kilomita. Hiyo "inarudi, inaondoka" unayoilalamikia ndiyo hiyo swichi ikijaribu kukuokoa. Bahati mbaya, majaribio yake ni sumu kwa friji.

Kuhusu jirani wa ng'ambo: huenda analishwa na transfoma nyingine, au na laini nyingine kabisa kutoka sabstesheni. Au mko kwenye transfoma moja lakini fezi tofauti, kwa kuwa nyaya za moto ni tatu na nyumba nyingi huunganishwa na mmoja tu. Juu ya nguzo ya transfoma kuna fyuzi tatu, zile zinazodondoka na kuning'inia zikikata. Ikidondoka moja, sehemu ya mtaa inapata shida na wengine wanaendelea kutazama televisheni. Hakuna upendeleo. Ukipiga simu kutoa taarifa, sema hivyo hivyo: "Kwetu hakuna, ng'ambo upo." Kwa maneno hayo mawili fundi anajua aanzie wapi, nawe umemwokolea saa nzima. Jua pia kwamba wanaanza na sabstesheni, halafu laini kubwa, halafu transfoma, na waya wa nyumba moja unakuja mwisho, kwa sababu bila vile vya juu wa chini hauna maana.

Nilisema nitairudia ile balbu.

Kwenye nguzo za mtaani, pamoja na nyaya tatu za moto kuna wa nne, wa nyutro, ambao umeme wa kila nyumba unarudia. Upepo ukiukata huo peke yake, au ukilegea kwenye kiungo kilichopata kutu, umeme haukatiki. Unapotea njia. Unaingia nyumbani kwako, unakosa pa kurudia, na unapita kwenye vyombo vya jirani aliye kwenye fezi nyingine. Nyumba zenu mbili sasa zinagawana volti 415 badala ya kila moja kupata 240 yake, na hazigawani sawa: mwenye vyombo vingi vilivyowashwa anapata kidogo, taa zake zinafifia, mwenye vyombo vichache anapata nyingi. Usiku, duka limefungwa, balbu moja na friji ambazo mota zake zimepumzika: unaweza kupokea zaidi ya volti 300. Balbu inang'aa kama jua, inapasuka, na kinachofuata ni friji.

Kwa hiyo shika hili kuliko yote niliyoandika. Siku taa zikiwaka kwa mwanga usio wa kawaida, au moja iking'aa na nyingine ikififia, zima swichi kuu papo hapo. Usisubiri kuona kama itatulia. Usiguse mwili wa chuma wa friji, maana katika hali hiyo unaweza kuwa na umeme. Kisha piga simu na useme nyutro imekatika; neno hilo linamwinua fundi haraka kuliko "umeme unasumbua". Na hata kama sasa umetulia, omba waje wakague kiungo cha nyutro kwenye nguzo yako na kwenye mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla. Kiungo kilicholegea mwezi uliopita bado kinaweza kuwa kimelegea leo.

Friji kwa upande wake ina udhaifu wake. Mota inabana gesi, na ikizimika katikati ya kazi, gesi inabaki imebanwa upande mmoja kwa dakika kadhaa. Umeme ukirudi baada ya sekunde tano, mota inajaribu kuzunguka dhidi ya mgandamizo huo, inashindwa, inanguruma imesimama, na inavuta mkondo mara tano au sita ya kawaida. Ikifanyiwa hivyo mara tatu kwa dakika mbili, waya wa ndani unaungua. Na umeme ukirudi mtaa mzima kwa pamoja, kila friji, pasi na saluni zikianza kuvuta, volti zinashuka na kazi ya mota inakuwa ngumu zaidi.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ningekununulia, kabla ya kingine chochote, ni kile kilinda friji kinachochomekwa kati ya soketi na friji. Kila friji na chake. Kinafanya kazi mbili tu: kinakata volti zikiwa juu au chini kupita kiasi, na umeme ukirudi kinasubiri dakika kama tatu kabla ya kuiruhusu friji. Nunua kwenye duka la vifaa vya umeme linalokupa risiti, na kwa friji kubwa uangalie ampea zake zinatosha, kwa sababu bandia ni nyingi na haina kitu ndani zaidi ya taa ya kijani. Pamoja nacho, mwite fundi mwenye leseni akague eathi yako, ile fimbo ya shaba iliyozikwa nje, na afunge kizuia mapigo ya ghafla ya volti kwenye boksi kuu. Kizuia mapigo kisicho na eathi nzuri hakina pa kulipeleka pigo. Na hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachozuia radi iliyopiga paa lako au waya unaoingia dukani. Kwa hiyo dawa ya zamani bado ni bora: ukisikia ule upepo wa baridi, chomoa. Chomoa mapema. Ngurumo ikiwa imeshafika juu yako, achana na soketi, usiguse.

Kupima umbali ni rahisi. Hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukifika sekunde thelathini au pungufu, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia. Wewe na watoto muwe ndani ya nyumba ya kudumu au gari lililofungwa, na msitoke mpaka nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Siandiki hili kwa kujaza nafasi. Tarehe 28 Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo, wakiwa darasani. Novemba 2024 watu 14 walikufa katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, Lamwo, walipokuwa wamekusanyika kwa ibada. Bati halivuti radi, wala nguo nyekundu haivuti. Tatizo ni jengo lisilo na waya wa kuishusha radi ardhini: ikipiga inatafuta njia yake, na watu waliobanana ndani wanakuwa njia. Kibanda cha sokoni ni mahali pa namna hiyo hiyo. Wingu likija, funika samaki na uondoke, wala usijifiche chini ya mwembe.

Waya ulioanguka, simama mbali nao, hatua kumi au zaidi, na wazuie watoto. Usidanganywe na ukimya wake. Kumbuka ile swichi inayojaribu tena: waya uliokuwa umekufa sekunde hii unaweza kuamka sekunde ijayo.

Na kama una mpango wa kununua jenereta, nakuomba kama ndugu: usiichomeke kamwe kwenye soketi ya ukutani ili ilishe nyumba. Transfoma hufanya kazi kwenda na kurudi. Volti 240 zako zikirudi kwenye laini zinatoka upande wa pili zikiwa 11,000, na huko juu kuna kijana ameshika waya akiamini umezimwa. Mwenzangu mmoja aliponea hapo kwa sababu tu alikuwa ameshafunga mnyororo wa eathi kabla ya kugusa. Fundi akufungie swichi ya kubadilishia, ambayo ukiwa kwenye jenereta inakutenga kabisa na laini.

Kuhusu hasara yako, andika tarehe na saa, piga picha friji na balbu, weka risiti za ukarabati, na chukua namba ya taarifa kila unapopiga simu. Peleka madai kwa maandishi kwenye ofisi ya kampuni inayokuuzia umeme, ukitaja nyutro kwa jina. Wasipokujibu, ERA, mamlaka inayodhibiti sekta ya umeme, hupokea malalamiko ya wateja. Siwezi kukuahidi utalipwa. Lakini dai lenye saa na picha lina uzito, na lenye "umeme wenu umeniharibia" halina.

Na samaki. Friza iliyojaa, mlango ukibaki umefungwa, huhifadhi baridi kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Kwa hiyo jioni ya wingu hamishia samaki wote kwenye friza moja au mbili zijae kabisa, nafasi zilizobaki uzijaze chupa za maji yaliyoganda, tandika blanketi juu bila kuziba matundu ya nyuma ya mota, na uwaambie vijana wako kwamba mlango haufunguliwi kwa mteja yeyote mpaka umeme urudi na utulie kwa dakika kumi. Watakaouzwa usiku huo wawekwe pembeni kwenye ndoo ya barafu kabla giza halijaingia.